Leo Kaa Wewe, Mama: Historia Fupi ya Karamu ya Kuzaliwa na Kiti cha Mezani



Katika pasi ya kusafiria ya mama yangu imeandikwa kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1954. Mwenyewe kila akiiona hucheka. Anajua si kweli. Alipokwenda kutengeneza karatasi zake za Hijja aliulizwa tarehe, akasema haijui, na kijana wa pale akamwandikia Januari mosi kama alivyowaandikia wenzake wote waliokuwa kwenye foleni. "Siku ile," mama husema, "tulizaliwa watu wazima kumi na mbili kwa mpigo."

Bibi yangu, Allah amrehemu, alimwambia mama jambo moja tu kuhusu kuzaliwa kwake: ilikuwa mvua za vuli, miezi miwili mitatu baada ya sherehe za Sultani kutimiza miaka 75. Hiyo tarehe ya Sultani inajulikana vizuri. Seyyid Khalifa bin Harub alizaliwa tarehe 26 Agosti 1879, akakaa kwenye kiti cha Unguja tangu 1911 mpaka alipofariki mwaka 1960. Alipotimiza miaka 75, Agosti 1954, zilitolewa stempu maalumu za posta, na barua zilizotoka Unguja mwaka ule zilisafiri duniani zikitangaza siku ya kuzaliwa ya mtu mmoja. Mwaka huohuo, ndani ya nyumba ya udongo na makuti, alizaliwa mtoto wa kike ambaye hakuna aliyeshika kalamu kumwandikia siku yake.

Basi vuli ya mwaka 2024 sisi watoto wake tukapiga hesabu kwamba mama ametimiza miaka 70. Mimi nikatoa rai: tumpeleke kula chakula cha usiku kwenye mkahawa mkubwa, mmoja wa ile iliyo juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, yenye vitambaa vyeupe mezani na taa za kandili. Dada yangu mkubwa akanigeukia. "Pesa hizo si bora umtolee sadaka? Na hii ya birthday, ni yetu sisi?"

Nilikosa jibu usiku ule. Nikaanza kusoma. Leo nataka niwasimulie niliyoyapata, kwa sababu najua wengi wenu, khasa mabibi harusi na mlioolewa karibuni, mmeshawahi kuulizwa swali hilihili. Mume anataka kukutoa siku yako, wewe unataka kumtoa mama yako, na kila upande kuna mtu wa kukuuliza: jambo hili limetoka wapi?

Kabla ya tarehe

Wazee wetu hawakuwa watu wasiojali kuzaliwa. Mtoto akizaliwa huadhiniwa sikioni, siku ya saba hufanyiwa akika, akanyolewa nywele na kupewa jina, na siku ya arubaini mama na mtoto hutolewa nje, uzazi ukafungwa. Hizo ni sherehe za kuzaliwa, tena zina chakula. Ila ni za mara moja. Hazirudi kila mwaka.

Na mwaka wenyewe ulikuwa zaidi ya mmoja. Kuna mwaka wa Hijri unaofuata mwezi, ambao ndio wa ibada zetu. Kuna mwaka wa jua wa wakulima na mabaharia, ambao Makunduchi bado wanaukaribisha kwa Mwaka Kogwa. Na kuna mwaka wa ofisini, wa Januari na Disemba. Mtu aliyeishi miaka 70 ya ofisini ameishi kama 72 ya Hijri, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja. Nilipomwambia mama hivyo, akasema, "Alaa, kumbe mmechelewa miaka miwili."

Watu walikumbuka kuzaliwa kwa matukio: mwaka wa njaa fulani, msimu mkubwa wa karafuu, Vita vya Ng'ombe vya Kiembe Samaki mwaka 1951. Tarehe kamili ilikuwa ya mtu aliyeandikwa, na walioandikwa walikuwa wachache.

Maulidi na chakula

Siku moja ya kuzaliwa, hata hivyo, pwani yetu yote inaijua: mwezi 12 Mfunguo Sita, maulidi ya Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie. Na maulidi, kama tunavyojua sote, hayana mwisho bila ya sinia.

Historia yake ni ndefu. Watawala wa Kifatimi walikuwa wakiyaadhimisha mjini Cairo kwa kugawa tamutamu na sadaka. Lakini karamu iliyosifika zaidi ilikuwa ya Irbil, katika Iraq ya leo, chini ya Muzaffar al-Din Gökböri, aliyetawala mji huo mpaka alipofariki mwaka 1233. Ibn Khallikan, mwanahistoria aliyezaliwa Irbil mwaka 1211, ameandika jinsi watu walivyokuwa wakimiminika kutoka miji ya mbali na mahema yakisimamishwa. Mwandishi mwingine wa zama hizo, Sibt Ibn al-Jawzi, amepokea kwa mtu aliyehudhuria kwamba siku moja palikuwa na vichwa 5,000 vya kondoo wa kuchoma, kuku 10,000 na sahani 30,000 za halua. Hata tukipunguza nusu, ni karamu.

Tangu zamani masheikh wamekhitilafiana kuhusu maulidi, wako walioyaona ni jambo jema na wako walioyakataa. Na kuhusu siku za kuzaliwa za watu wa kawaida wamekhitilafiana zaidi. Mimi si mwanachuoni, sitaamua hapa. Kila mmoja amuulize anayemwamini katika dini yake. Ila jambo moja lililopokewa katika Sahih Muslim lilinituliza. Mtume alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu, alieleza kwamba ndiyo siku aliyozaliwa na ndiyo siku aliyoteremshiwa Wahyi. Kumbe aliikumbuka siku yake, na aliikumbuka kwa shukrani, kwa kufunga. Basi nikajiwekea sharti: kama tutamtoa mama, iwe ni shukrani kwa Mola aliyempa umri, isiwe kuiga wala kujionyesha.

Keki imetoka wapi

Keki yenye mishumaa ni ya Wajerumani. Mwaka 1746 mgeni mmoja aliyehudhuria siku ya kuzaliwa ya bwana mkubwa aitwaye Ludwig von Zinzendorf aliandika kwamba aliona keki kubwa iliyotobolewa matundu, kila tundu na mshumaa wake kwa hesabu ya miaka yake. Baada ya hapo ikaenea kwa watoto wa Kijerumani, na karne ya kumi na tisa ikaingia Uingereza na Marekani, na kutoka huko ikaja kwetu pamoja na shule, saa za ukutani na vyeti vya kuzaliwa.

Hivyo dada yangu alikuwa na haki yake. Keki si yetu. Lakini karamu ya kumkumbuka mtu kwa kulishana ni yetu tangu zamani. Na nilivyozidi kusoma niliona kwamba swali la keki ni dogo. Swali kubwa ni la kiti. Katika karamu hizi zote, nani alikaa, na nani alisimama?

Meza ya Mtoni

Hakuna aliyetuandikia vizuri zaidi habari za kula katika nyumba kubwa za Unguja kuliko Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Alizaliwa Beit il Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi, aliyetekwa angali mtoto. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani.

Ameeleza jinsi baba yake alivyokula na jamaa zake. Chakula kilipangwa kwenye sefra, meza ndefu ya chini, sahani zikajipanga kutoka mwanzo mpaka mwisho, wali wa namna nyingi ukiwemo. Watu walikaa chini kwa daraja: Seyyid Said mbele kabisa, kisha wakubwa, kisha wadogo. Walikula kwa mkono wa kulia, kimya, bila ya mazungumzo mengi.

Na ameeleza nani hakuwepo. Bibi Azza bint Seif, mke mkuu wa Seyyid Said, alikuwa na nafasi yake, maana alikuwa wa nasaba. Watoto wa Sultani walikuwa na nafasi zao. Lakini masuria, akina Jilfidan, mama waliowazaa watoto wale wote, hawakukaa kwenye sefra ya Seyyid, hata yule aliyependwa kuliko wenzake. Mtoto alikaa na baba yake. Mama yake alikula kwingine.

Niliisoma sehemu hiyo mara mbili. Jilfidan alimlea binti, akamfunza adabu, akampamba, kisha akamwachia mlangoni aingie peke yake. Na nyuma yake walikuwepo wengine ambao hata kitabu hakiwataji kwa majina: watumwa waliotwanga, waliokuna nazi, waliobeba masinia na kumimina maji ya kunawa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja tarehe 6 Aprili 1897, lakini sheria ile iliwaacha masuria. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Hata katika kupewa uhuru, waliowekwa mwisho walikuwa ni wanawake wa ndani.

Sitaki mtu aseme nawasema vibaya wazee wetu. Ustaarabu wa meza ile ulikuwa mkubwa, na sehemu nzuri yake tunayo mpaka leo: kunawa, kuanza kwa Bismillahi, kula kilicho mbele yako, ubani na kahawa baada ya chakula. Nasema tu kwamba kiti kilikuwa na historia, na mara nyingi mama hakuwa na kiti.

Nyumba za kulia, na wanawake mlangoni

Tukitoka nyumbani, tunakuta mambo hayohayo kwa sura nyingine. Neno mkahawa limetokana na kahawa. Kahawa ilianza kunywewa na masufi wa Yemen karne ya kumi na tano ili wakeshe katika dhikri, ikapanda mpaka Makka na Cairo, na nyumba za kahawa zikafunguliwa. Zilikuwa nyumba za wanaume. Kwetu nazo kahawa ikakaa barazani, na barazani wakakaa wanaume.

Mkahawa wa kisasa, wenye meza yako peke yako, menyu na bei zilizoandikwa, ulianzia Paris katika miaka ya 1760. Neno la Kifaransa lenyewe mwanzoni lilikuwa jina la supu ya nyama ya kumrudishia mgonjwa nguvu. Watu walikuja kunywa supu, wakaongezewa vyakula vingine, na mwisho jina la supu likawa jina la nyumba.

Huenda mtu akadhani huko Ulaya na Marekani mwanamke aliingia tu akaketi. Sivyo. New York, mwaka 1868, waandishi wa habari walimwandalia karamu Charles Dickens katika mkahawa mashuhuri wa Delmonico's. Mwandishi mmoja, Jane Cunningham Croly, aliomba kuhudhuria, akapuuzwa kwa sababu ni mwanamke. Yeye na wenzake wakaunda jumuiya yao, wakaiita Sorosis, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo wakaenda kula chakula cha mchana palepale Delmonico's, wanawake watupu, mchana kweupe. Miaka karibu arubaini baadaye, mwaka 1907, Harriot Stanton Blatch na rafiki yake walipanda kwenye mkahawa wa paa la hoteli ya Hoffman House, mjini humohumo, wakanyimwa meza kwa sababu hawakuwa na mwanamume. Blatch alikwenda mahakamani. Akashindwa.

Na hapa kwetu? Mwaka 1888 Waingereza walifungua klabu yao Shangani, English Club, jengo ambalo leo ni Africa House. Ilikuwa ya Wazungu. Mzanzibari, awe Mwarabu, Mhindi, Mshirazi au wa bara, hakukaa pale kama mwenyeji wa klabu. Aliyeingia kila siku ni yule aliyebeba trei. Hebu fikirini: machweo yaleyale tunayoyapiga picha leo kutoka kwenye ile baraza ya juu, kwa miaka mingi yalikuwa na wenyewe.

Mwaka 1936, katika jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa, bustani ya Forodhani ilipewa jina la Jubilee. Kwa wengi wetu hapo ndipo palipokuwa mkahawa wetu mkubwa, na bado ndipo: urojo, mishkaki, juisi ya miwa, na familia nzima imekaa ukutani. Baada ya Mapinduzi, milango mingine ikafunguka. Miaka ya 1970 Hoteli ya Bwawani ikajengwa, na wangapi kati ya mama zetu wamehudhuria harusi Ukumbi wa Salama! Tangu miaka ya 1980 utalii ukakua, na nyumba za matajiri wa zamani zikageuzwa hoteli. Nyumba ya Hurumzi iliyojengwa na Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi wa zama za Seyyid Barghash, leo ina watu wanaokula juu ya paa lake, wamevua viatu, wamekaa kwenye mito. Mambo Msiige, mjengo mkongwe wa Shangani, sasa ni sehemu ya hoteli ya kifahari iliyofunguliwa 2015.

Leo hakuna sheria inayotuzuia kupanda ngazi hizo. Kinachotuzuia ni bei, na kile kitu cha moyoni kinachosema: pale si petu.

Usiku wenyewe

Nilimweleza dada yangu yote haya. Akasikiliza, akasema, "Sawa. Lakini sadaka pia itoke." Tukakubaliana: gharama ya mkahawa na gharama ya sadaka ziwe sawasawa. Asubuhi ya siku ile tulipika wali kwa kuku, tukapeleka madrasa, watoto wakala na kumsomea mama dua. Usiku tukatoka.

Lazima niwaambie mama yangu ni nani. Kwa miaka zaidi ya arubaini amekuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, arubaini za uzazi, mtaa mzima humwita. Anajua kwa harufu tu kama biriani limeiva chini ya makaa. Amelisha mabibi harusi wasiohesabika, na sikumbuki kumwona hata siku moja amekaa kwenye sinia la kwanza. Yeye na wenzake wa jikoni hula mwisho, wamekalia mbuzi na vibao vyao, wakigawana ukoko na kilichobaki kwenye sufuria. Tunasema sinia halina mbele wala nyuma, wote mnakaa duara, na ni kweli. Lakini duara nalo lina watu walio nje yake.

Kwanza alikataa. "Mimi niende nikahudumiwe? Na watu wazima wenzangu waniambieje?" Kisha akauliza bei, nikamdanganya kidogo, Allah anisamehe. Mwisho akavaa baibui lake jipya, akajifukiza udi, akatoka.

Pale mlangoni msichana wa mapokezi alitusalimia kwa Kiingereza. Mama akamjibu, "Hujambo mwanangu," na yule mtoto akaona haya, akasema, "Shikamoo mama, karibuni." Ngazi zilikuwa nyingi na za mwinuko, tukapumzika mara mbili. Juu, upepo wa bahari, minara, na mapaa ya mabati yaliyofifia. Tuliomba meza ya pembeni, mbali na wanaokunywa, na walituwekea. Mhudumu akavuta kiti cha kichwani mwa meza. Mama akakipita, akaenda kukaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, mahali pake pa siku zote. Dada yangu, yuleyule aliyenipinga, ndiye aliyemshika mkono. "La, mama. Leo kaa wewe."

Akakaa. Mikono akaiweka mapajani kama bibi harusi.

Chakula kilikuja kidogokidogo, sahani kubwa na kitu kidogo katikati. Mama alikitazama kila kimoja kwa jicho la fundi. Samaki alimsifu. Wali wa nazi alisema umekosa chumvi na nazi yake ni ya kopo. Akamwita mhudumu, tukaogopa ataaibisha watu, kumbe alitaka kujua nani amepika. Yule kijana akasema ni mama mmoja wa Kipemba yuko jikoni. "Mwambie samaki wake ni mzuri, Allah ampe nguvu. Na mwambie ale naye, asingoje mpaka mwisho."

Tulipomaliza, kwa mazoea, akaanza kukusanya sahani na kuzipanga moja juu ya nyingine. Mhudumu akaja mbio. "Acha mama, acha. Zamu yangu." Mama akaziachia taratibu. Sikuona machozi, lakini alinyamaza kwa muda, akitazama baharini. Kisha akasema, "Mama yangu alikufa hajui siku yake wala yangu. Angeniona leo angesema nimepotea njia." Akacheka, akafuta mdomo. "Halafu angekaa."

Hatukuwasha mishumaa. Walileta kashata na kahawa, na dada yangu akasoma dua, sisi tukaitikia amina, na hata meza ya jirani waliitikia. Tukarudi nyumbani kabla ya saa nne.

Kwa mnaotaka kufanya

Dada zangu, sikuandika haya ili kila mtu akakope pesa. Kumkalisha mama kunawezekana ukumbini kwako, kwa mkeka na sinia, mradi siku hiyo yeye asinyanyuke. Lakini kama Allah amekupa nafasi na unataka kumtoa nje, haya tuliyojifunza sisi huenda yakakufaa.

Ulizeni mapema kuhusu nyama na kuhusu mvinyo kwenye mchuzi. Wapishi wa hoteli za watalii huwa wanatia, na ukiuliza wanakupikia mbali. Ulizeni pia kama kuna pembe iliyo mbali na ulevi, na mahali pa kusali. Agizeni meza baada ya Magharibi au baada ya Isha ili msile huku mnaangalia saa. Kama mama ana maumivu ya magoti, ulizeni ngazi ni ngapi. Toeni na sadaka, hata kama ni kidogo. Na picha mpigeni, lakini muulizeni kwanza mwenyewe kama anataka zitoke nje ya simu zenu.

Na wewe bibi harusi unayesoma hapa ukihesabu siku zilizobaki: usiku wa harusi yako utakalishwa juu, utapambwa, utatazamwa. Ukipata pumzi, geuza uso kidogo utazame kule jikoni. Kuna mtu kule ambaye amekuwa amesimama tangu alfajiri kwa ajili yako. Mpelekee sinia kabla ya wageni. Na kabla hujahama nyumba ya mama yako, kaa naye na daftari, umuulize: ulizaliwa msimu gani, mvua ilikuwa inanyesha, nani alikuwepo, ulipewa jina na nani. Andika. Sultani alipigiwa stempu. Mama zetu wanatutegemea sisi.

Allah awape mama zetu umri wenye afya na mwisho mwema, na waliotangulia awarehemu na awakalishe mahali bora kuliko viti vyote vya dunia. Amin.

Wassalaamu alaykum.